Rubani Aliyepotea: Nani Ana Haki ya Kumwita Maiti?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika mas-ala ya fiqhi ambayo watu huyasoma darsani upesi upesi na kuyapita, yamo mas-ala ya mafqudi, yaani mtu aliyetoweka, asijulikane kuwa yu hai apate kungojewa, au amekufa apate kuliliwa. Wanafunzi huyakuta katika mlango wa eda, wakahifadhi hesabu za miaka, kisha wakafunga vitabu. Lakini ndani yake mna swali ambalo si la wanafunzi peke yao. Mwanadamu ana haki gani ya kumwita mwenziwe maiti, hali hakumwona akifa wala hakuuona mwili wake? Na akishamwita hivyo, kisha ikadhihiri baada ya miaka kuwa kweli alikuwa maiti, je, huyu amesema kweli, au amebahatisha tu?

Nimependa kulieleza swali hili kwa kisa cha mtu asiyekuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu. Najua wako watakaoniuliza: Sheikh, umekosa Muislamu wa kumtaja hata ututajie rubani wa Marekani aliyekwenda kuwapiga Waislamu wa Iraki kwa makombora? Jawabu yangu ni kwamba hapa hatupimi vita ile ilikuwa ya haki au ya dhulma. Hayo yana mahali pake, nami nina rai yangu juu yake. Hapa tunatazama jambo moja tu, nalo ni hukumu ya mtu asiyejulikana aliko, na kisa hiki kinalionyesha wazi kuliko visa vingi nivijuavyo. Hekima ni kitu alichokipoteza Muumini, popote aionapo huiokota.

Rubani huyo aliitwa Michael Scott Speicher, wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Usiku wa kwanza wa vita vya Ghuba, tarehe 17 Januari 1991, aliruka na ndege yake ya kivita aina ya F/A-18 kutoka katika manowari ya kuchukulia ndege iitwayo Saratoga, iliyokuwa katika Bahari ya Sham, akaelekea Iraki pamoja na wenziwe. Magharibi ya Baghdad, gizani, marubani wengine waliona mmweko mkubwa wa moto angani. Waliporejea manowarini na kuhesabiana, mmoja hakuwapo. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulieleza kuwa aliangushwa na ndege ya Kiiraki aina ya MiG-25. Nyumbani kwao, Jacksonville katika jimbo la Florida, aliacha mke na watoto wawili wadogo, mmoja wao hajaanza hata kusema sawasawa.

Sasa tazama, ewe msomaji, jinsi mambo yalivyokwenda. Kabla vita havijatimia siku mbili, waziri wa ulinzi wa Marekani alisimama mbele ya waandishi wa khabari akatangaza kwamba Mmarekani wa kwanza amekufa vitani. Haikutumwa safari ya kwenda kumtafuta. Mwezi Mei wa mwaka ule ule jeshi likathibitisha katika daftari zake kuwa ameuawa na mwili wake haukupatikana. Mkewe akawa mjane kwa sharia ya nchi yao, na baadaye akaolewa na mume mwingine. Hakuna awezaye kumlaumu. Aliambiwa na serikali yake kuwa mumewe amekufa, naye akaamini.

Kisha mwezi Disemba 1993 wawindaji kutoka Qatar, wakipita katika jangwa la Iraki, waliikuta ndege mchangani. Mwaka 1995 ujumbe wa Wamarekani pamoja na Msalaba Mwekundu ukaruhusiwa kufika pale. Waliikuta ndege, wakapata na nguo ya rubani, lakini mtu hawakumwona. Paa la kioo la chumba chake lilikutwa mbali na ndege yenyewe, jambo lililowafanya baadhi yao waseme kuwa huenda aliruka akiwa hai. Kutokana na hapo maneno yakaanza kuzaa maneno. Fulani alisema alimwona katika gereza. Mwingine alisema alimchukua katika gari. Mwingine kasikia kwa aliyesikia. Basi mwezi Januari 2001 jeshi likafanya jambo ambalo halikuwahi kulifanya kabla yake: likamtoa mtu katika daftari ya wafu na kumwandika katika daftari ya waliopotea. Mwezi Oktoba 2002 likapanda daraja jingine, likamwandika kuwa ni aliyepotea na kutekwa. Na huku nyuma cheo chake kilikuwa kinapandishwa, kwani mtu aliye hai hustahiki kupanda cheo kama wenziwe.

Tarehe 12 Septemba 2002, Rais Bush wa Marekani alipohutubia Umoja wa Mataifa kuishitaki Iraki, aliwataja watu zaidi ya 600 wa Kuwait na mataifa mengine ambao hawakujulikana waliko tangu vita vile, akasema kuwa miongoni mwao yumo rubani mmoja wa Kimarekani. Miezi sita baadaye vita vingine vikaanza. Baghdad ilipotekwa watu wakaingia magerezani kumtafuta, wakaona katika ukuta wa gereza moja herufi zinazofanana na za mwanzo wa majina yake. Makaburi yakafukuliwa, mateka wakahojiwa. Hakuonekana.

Mwezi Julai 2009 raia mmoja wa Iraki aliwaambia askari wa Kimarekani kuwa anawajua watu wawili wanaokumbuka ndege ile ilipoanguka. Mmoja wao akasema alikuwapo pale Mabedui walipomkuta rubani amekufa karibu na ndege yake, nao wakamzika. Wakaonyeshwa mahali, wakachimba, wakapata mifupa na taya lenye meno, na kwa meno yale akajulikana. Miaka 18 na nusu alikuwa chini ya mchanga ule, amezikwa na watu wasiojua hata jina lake. Mwezi Agosti akazikwa tena kwao.

Basi mtu wa haraka atasema: Hapana mas-ala hapa. Waliosema amekufa mwaka 1991 walisema kweli, na waliosema yu hai mwaka 2002 walikosea, na yameisha. Mimi nasema hayakuisha, bali hapo ndipo yanapoanza. Imepokewa katika Hadithi mashuhuri ya mahakimu watatu kwamba mmoja yu Peponi na wawili wamo Motoni, na katika hao wa Motoni yumo yule anayehukumu watu kwa ujinga. Hakusemwa kuwa huyo ni lazima akosee. Huenda hukumu yake ikaangukia juu ya haki kama jiwe la kipofu lililompata ndege mtini. Hata hivyo amehukumiwa kwa Moto, kwa sababu hakimu haulizwi tu amesema nini, huulizwa amekijuaje. Waziri aliyetangaza kifo cha rubani hakuwa na mwili, wala shahidi aliyeona maiti, wala hata mahali ndege ilipoanguka. Alikuwa na mmweko wa moto na kimya kilichofuata. Huo si ushahidi wa yakini. Ni dhana, ingawa ni dhana yenye nguvu.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Sharia yetu haikatai dhana yenye nguvu. Kadhi huhukumu kwa ushahidi wa watu wawili, na wawili huweza kusema uongo. Mwenye kuswali jangwani huelekea upande anaodhania kuwa ni kibla. Lau tungengoja yakini katika kila jambo, hapangekuwa na ndoa wala biashara wala mirathi. Kwa hiyo kosa lao halikuwa kuifanyia kazi dhana. Kosa ni mawili: waliitangaza dhana kwa sauti ya yakini, na wakaifanya kuwa ni sababu ya kutotafuta.

Linganisha na waliyoyasema wanavyuoni wetu. Kwa Imam Malik, mke akija kwa hakimu kushitaki kuwa mumewe katoweka, jambo la kwanza si hukumu, ni kutafuta. Hakimu huuliza jamaa na majirani, huandika barua kwa wakubwa wa miji anakodhaniwa kuwako, hutaja jina lake na sifa zake na kazi yake, na hungoja majibu. Akishakata tamaa ya kupata khabari, hapo ndipo huanza kuhesabu miaka 4. Wao walianza na tangazo wakamalizia na utafutaji miaka baada ya miaka. Fiqhi ya Madina ilianza na utafutaji. Na barua za wakati ule zilikwenda juu ya ngamia! Nani basi mwenye udhuru zaidi, mtu wa ngamia au mwenye vyombo viwezavyo kutazama ardhi kutoka mbinguni?

Asili ya hukumu ya miaka 4 ni ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Mtu mmoja katika Ansari alitoka usiku kwenda kuswali isha na watu wake, asirudi. Mkewe akamwendea Umar. Umar hakumwambia, mumeo amekufa, wala hakumwambia, subiri mpaka Siku ya Kiyama. Aliwauliza watu wake kama neno lake ni kweli, wakasema ndivyo. Akamwamrisha angoje miaka 4. Ilipokwisha akaja tena, Umar akauliza tena, kisha akamwamrisha akae eda ya mfiliwa, miezi 4 na siku 10, kisha akamruhusu kuolewa. Naye akaolewa. Halafu, ndugu zangu, yule mume wa kwanza akarudi! Akaleta udhuru wake wa mambo yaliyomzuia, na katika riwaya anasema alichukuliwa na majini; mimi siweki uzito wangu juu ya majini, uzito uko kwenye alilolifanya Umar. Alimpa khiyari, arejeshewe mkewe au arejeshewe mahari aliyoyatoa.

Tuliza moyo uizingatie khiyari hii. Lau hukumu ya kwanza ya Umar ilikuwa na maana ya kwamba mtu yule amekufa kweli, basi kurudi kwake kungekuwa ni kukadhibishwa kwa Khalifa mbele ya watu. Lakini Umar hakuona haya wala hakutafuta hoja ya kujitetea, kwani hakuwa amedai kujua ghaibu. Alichokisema kwa hukumu yake ni hiki: huyu mwanamke amengoja kiasi ambacho mwanadamu haki yake kungoja, na baada ya hapo hatumzidishii. Kwa hiyo hukumu ya kifo cha mafqudi si khabari ya mtu aliyepotea. Ni rehema kwa waliobaki. Kadhi anaposema, namhukumu fulani kuwa ni maiti, hakuchungulia Lauhi Mahfudhi. Amefungua mlango uliokuwa umemfungia mtu aliye hai.

Ukiyachanganya mambo haya mawili, yaani khabari na hukumu, ndipo yanapozaliwa maovu ya pande zote mbili. Ukiigeuza hukumu kuwa khabari, utaacha kutafuta, kama walivyoacha wao mwaka 1991. Na ukiing'ang'ania khabari hata usitoe hukumu, utamwacha mke kama kitu kilichotundikwa, si mwenye mume wala si asiyekuwa na mume, hali ambayo Qur'ani katika Suratun-Nisaa imekataza kumwacha mwanamke ndani yake.

Na hapa ndipo tunapofika kwetu wenyewe, na huenda maneno yangu yasiwapendeze baadhi ya masheikh. Sisi wa pwani hii ni Mashafi, na tunajifakhirisha kwa hilo, na ni haki yetu. Imam Shafii alikuwa na kauli mbili katika mas-ala haya. Kauli yake ya zamani ilikuwa sawa na ya Umar, miaka 4 kisha eda. Kauli yake mpya ni kwamba mke haolewi mpaka ipatikane yakini ya kufa kwa mumewe au kutalikiwa, na dalili yake ni maneno yaliyopokewa kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwamba huyo ni mwanamke aliyepewa mtihani, basi na asubiri. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomwa katika vyuo vyetu, imeelezwa kuwa hata kadhi akihukumu kwa kauli ya zamani, hukumu hiyo hutanguliwa kwa kauli mpya. Mahanafi nao walisema mke angoje mpaka wafe wenzi wa mumewe waliolingana naye kwa umri, na wako waliotaja miaka 90. Mahambali walitenganisha kwa hekima: aliyepotea katika hali ambayo salama ndiyo ya kawaida, kama safari ya biashara, si sawa na aliyepotea katika hali ambayo kuangamia ndiko kwa kawaida, kama aliyekuwa baina ya safu mbili za vita au katika chombo kilichovunjika baharini, huyu wa pili hungojewa miaka 4.

Rubani wetu, bila ya shaka, ni wa baina ya safu mbili, tafauti ni kwamba safu zenyewe zilikuwa angani. Na mvuvi aliyetoka na ngalawa wakati wa kusi ikarudi ngalawa peke yake imepinduka, huyu naye ni wa chombo kilichovunjika.

Mimi siwafundishi watu kumdharau Imam wao, kwani huyo ni bahari na mimi ni kikombe. Lakini Imam Shafii mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba dalili hufuatwa ilipo. Kauli mpya imejengwa juu ya kanuni tukufu, ya kwamba yakini haiondolewi kwa shaka, na uhai wa mtu yule ulikuwa yakini. Kanuni hiyo naikubali. Ila iko na kanuni nyingine yenye nguvu kama hiyo, ya kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na mwanamke wa miaka 22 anayeambiwa angoje mpaka wenzi wa mumewe wafe, huyo amedhuriwa, hapana njia ya kulizunguka neno hilo. Na wanavyuoni wa zama za karibuni wameliona. Misri, ambako mahakama zilikuwa zikihukumu kwa madhehebu ya Hanafi, iliiacha kauli hiyo katika kanuni yake ya mwaka 1929 na kuchukua miaka 4 kwa aliyepotea katika hali ya kuangamia. Bara Hindi, Mahanafi nao, wanavyuoni walipoona wanawake wanakwama walikimbilia madhehebu ya Malik, na mwaka 1939 ikatoka sharia inayompa mke haki ya kuvunjiwa ndoa ikiwa mumewe hajulikani aliko kwa miaka 4. Hawakuritadi kwa kufanya hivyo. Wametoka chumba kimoja kuingia chumba kingine katika nyumba ile ile.

Hata wenzetu Mashafi wa baadaye waliutafuta mlango, wakasema mke asiyepata nafaka kutoka kwa mume aliyeghibu na asiyekuwa na mali ya kumlisha anaweza kuomba ndoa ivunjwe kwa sababu ya nafaka. Ni mlango mzuri, lakini una dosari: mke ambaye mumewe aliacha nyumba ya kodi au shamba la minazi hapiti mlango huo. Anakula, na kwa kuwa anakula anaambiwa hana shida. Kana kwamba Mwenyezi Mungu alipotaja utulivu na mapenzi na rehema baina ya mume na mke alikuwa anataja unga na mchele.

Katika Kenya yetu, kifungu cha 118A cha Sharia ya Ushahidi kinadhania kuwa amekufa mtu asiyesikiwa kwa miaka 7 na wale ambao wangelimsikia lau yu hai, na dhana hiyo huweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mahakama za Kadhi nazo zinatambuliwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, kuhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana aghlabu ni mtu wa kumwambia mwanamke kuwa njia ipo. Anabaki nyumbani kwa wakwe, akiona haya kwenda kwa kadhi asije akaambiwa amemtakia mumewe kifo.

Haya hiyo ndiyo inayowanenepesha waganga. Mara tu khabari za mtu zinapokatika, huja mtu na bao lake, akapiga ramli, akadai kuku na ubani na pesa, kisha akasema, namwona yu hai, yuko mahali penye maji mengi. Penye maji mengi! Na sisi wa pwani, wapi pasipokuwa na maji mengi? Huyu ni nduguye yule mpelelezi wa Iraki aliyesema alimwona rubani gerezani. Wote wawili wanauza matumaini kwa mtu asiyekuwa na nguvu ya kukataa kununua. Mmoja alidanganya dola kubwa na mwingine anadanganya mama mzee, lakini biashara ni moja. Na aliye mwovu zaidi ni yule anayeyanunua matumaini hayo ili ayauze tena kwa bei kubwa. Sisemi kwamba kila aliyesema mwaka 2002 kuwa rubani yu hai alikuwa na nia mbaya. Wako jamaa na marafiki waliotafuta kwa ikhlasi. Lakini matumaini ya jamaa yalipotiwa katika hotuba ya kushitaki nchi, yaligeuka kuni. Moto uliowashwa kwa kuni hizo na nyingine nyingi uliwapoteza Wairaki kwa maelfu, na kila mmoja wao naye ni mafqudi wa mama yake.

Huenda mtu akanipinga kwa kisa cha Nabii Yaakub (A.S.). Aliletewa kanzu yenye damu na wanawe wakamwambia Yusuf kaliwa na mbwa mwitu, wala hakukubali. Akangoja miaka mingi mpaka macho yakafanya weupe kwa huzuni, na mwisho ikawa yeye ndiye aliyekuwa katika haki. Je, hii si dalili ya kuwa anayependa hangoji miaka 4 bali hungoja umri wake wote?

Ni pingamizi nzuri, na nimeifikiri muda mrefu. Kwanza, Yaakub alikataa ushahidi wa kanzu kwa kuwa wenye kuuleta walikuwa ndio watuhumiwa, na hilo ni funzo kwa kila hakimu. Pili, hakukaa kitako na huzuni yake tu. Aliwaamrisha wanawe wende wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Tatu, na hili ndilo kubwa, matumaini ya baba hayamfungi mtu. Yaakub alipokuwa akimngoja Yusuf, hapana mtu aliyezuiliwa haki yake kwa sababu ya kungoja kwake. Mama aendelee kumwekea mwanawe sahani ya chakula miaka 30. Hakuna kadhi mwenye neno naye, na dua yake huenda ikawa na thamani mbele ya Mungu kuliko hukumu zetu zote. Lakini mke amefungwa kwa mkataba, na mkataba una upande wa pili, na upande wa pili ukiwa kimya mwaka baada ya mwaka, si haki kuugeuza upendo wa mama kuwa kufuli ya mlango wa mke. Na mke mwenyewe akitaka kungoja? Na angoje, ni khiyari yake, na ujira wake uko kwa Mola wake. Subira inayolazimishwa na jamaa wa mume wenye kutaka nyumba isitoke mikononi mwao haistahiki kuitwa subira.

Ama mali ya mafqudi, sharia imeifunga kwa kamba imara kuliko watu wanavyojua. Kabla ya hukumu ya kadhi haigawanywi hata nazi moja. Mwanamume huyo yu hai katika mali yake, na akifa babake kabla hajahukumiwa, fungu lake katika urithi wa babake huwekwa kando mpaka ijulikane hali yake. Lakini nani anayeliweka kando? Mtu hatimizi mwaka tangu chombo chake kipotee, nduguye keshaingia shambani, na huyo huyo nduguye, shemeji yake akitaka kwenda kwa kadhi, humwambia kwa uchungu mwingi kuwa mumeo yu hai na tutamngoja. Katika ndoa yu hai na katika shamba amekufa. Tumemcheka mkubwa wa jeshi aliyemwandika mtu katika daftari mbili kwa nyakati mbili. Huyu wetu amemwandika katika daftari mbili kwa siku moja.

Wanabaki wale Mabedui. Katika kisa chote kirefu hiki, chenye mawaziri na majasusi na marais, wao peke yao ndio waliomkuta rubani mwenyewe. Walikuta mtu wa taifa lililokuwa likiipiga nchi yao kwa makombora usiku ule ule, hana roho, na jangwani hakuna wa kuwauliza lau wangemwachia fisi na kunguru. Walimchimbia. Tangu kunguru alipomfundisha mwana wa Adam kumsitiri nduguye ardhini, wajibu huu haukuwekewa sharti la kujuana majina. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba lilipita jeneza la Yahudi na Mtume (S.A.W.) akasimama, na alipoambiwa huyo ni Yahudi akauliza kama hiyo haikuwa nafsi. Wanavyuoni wa fiqhi wana maneno mengi juu ya nani anaoshwa na nani anaswaliwa, na rubani huyu hakuwa wa kuswaliwa. Lakini kusitiriwa ni haki ya mwanadamu, nao waliitimiza bila ya kujua kuwa kuna mtu yeyote duniani anayemtafuta.

Kwa Muislamu aliyechukuliwa na bahari na mwili wake usipatikane, watu wa mitaani huuliza aswaliwe lini. Jawabu ni kwamba kadhi akishatoa hukumu, au wakithibiti mashahidi waliomwona akizama, huswaliwa swala ya ghaibu, nayo ni sahihi katika madhehebu yetu kwa kisa cha Najashi, aliyefia Uhabeshi akaswaliwa Madina. Kabla ya hapo haswaliwi, bali huombewa dua kama aombewavyo msafiri. Na mkewe eda yake, kwa kauli ya miaka 4 tuliyoieleza, huanza siku kadhi alipohukumu, si siku chombo kilipopotea. Hili limekosewa na wengi, wakawaambia wanawake eda yao ilikwisha zamani. Aliyefikwa na jambo kama hili na asijue pa kuanzia, na aje darsani baada ya swala ya alasiri, au amtume jamaa yake, tutamwandikia barua ya kwenda nayo kwa kadhi bila ya malipo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.